Kifaranga Aliyewika Ukweni

Jamani, leo nimejiaibisha, tena ukweni!

Mnajua nafuga broila hapa Mkuza (msiojua mna bahati, wenzenu nimewachosha). Asubuhi nimekwenda Kibuta kujitambulisha kwa mama yake Zuhura, mchumba wangu. Zuhura alishanionya: mama asiponipenda, ndoa hakuna. Nikavaa shati jipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe bingwa wa kuku."

"Najitahidi mama." (Nyamaza basi! Wapi.)

Akamtoa kuku kwenye tenga. "Hiki ndicho kitoweo chako. Hebu nipimie umri wake, bingwa."

Nikamtazama. Mwili mdogo, shingo tupu, haina unyoya hata mmoja. Roho ikaniuma! Broila wangu wakiwa hivyo, bado wachanga.

"Mama, usimchinje. Huyu kifaranga. Wiki tatu na nusu."

"Wiki?"

"Wiki, mama. Manyoya huanza mabawani, shingoni yanachelewa. Tena anasikia baridi huyu!"

Nikatoa leso yangu, nikamfunga shingoni. Taratibu, kwa mapenzi. Zuhura, aliyekuwa pembeni anapika, akainamia sufuria, mabega yanamtetemeka. (Nikadhani analia kwa kuguswa.)

Nikamweka chini. Akajikung'uta, akapanda juu ya kinu na leso yake, akawika. Akawika tena!

"Mwanangu," mama akasema huku anajifuta machozi ya kicheko, "huyu kishingo. Shingo yake haioti manyoya mpaka anakufa. Ndiye anayetuamsha alfajiri! Kwani wewe kuku wako hawawiki?"

Watawika saa ngapi? Wakifika wiki tano nimeshawauza! Miaka miwili nafuga kuku, sijawahi kulea hata mmoja akawa mtu mzima. Nikatamani ardhi ipasuke.

Tumekula ugali na kisamvu, maana mama alikataa kumchinja. Kila tonge naona aibu. Wakati wa kuaga nikajua ndoa yangu imeishia kwenye leso. Mama akanikabidhi tenga, jogoo ndani.

"Kamlee mwenyewe. Mwanamume anayemfunika jogoo asipate baridi, mwanangu hatateseka kwake. Waambie wazee wako waje."

Nimeitikia "ndiyo mama" mara nne, mwishowe Zuhura akanivuta mkono.

Sasa nimerudi Mkuza, jogoo kalala, na leso bado kaivaa. Chekeni polepole basi, mtaniamshia mtoto.