Marehemu Anakunywa Kahawa

Chokochoko aliileta Mdoe, yule wanayemwita Redio. Hata hajakaa vizuri kwenye benchi la kahawa la Chausiku, nyuma ya stendi ya Korogwe, alishaanza kutangaza.

"Jamani, wataalamu wa huko nje wamekaa kikao. Kuna dawa ya saratani inaongeza uhai mwaka mmoja, lakini bei yake trekta jipya! Sasa wanaulizana, mwaka wa mgonjwa una thamani ya trekta?"

Kila mtu akakodolea macho kikombe chake ili asimtazame Spana. Adamu Spana, fundi wa mabasi mstaafu, ndiye mwenye saratani, na dawa aliyoandikiwa ndiyo hiyo hiyo. Bima ilishamwambia haimo.

"Mnanyamaza nini?" Spana akafoka. "Jibuni! Ninalifikia trekta au silifikii?"

"Trekta linalima, mgosi," akasema Sabiri, katibu wa chama chao cha kufa na kuzikana, mtu wa vifungu mpaka wakamwita Katiba. "Wewe hata jembe siku hizi linakushinda."

"Na hilo trekta litacheza bao na wewe?" akadakia Chausiku.

"Lakini huo mwaka mmoja wa nini, Spana?" Redio akauliza.

Spana hakuona haya. Alitaka kula machungwa. Alipanda miche kule Makuyuni kabla ugonjwa haujabisha hodi, na msimu ujao ingezaa kwa mara ya kwanza.

"Machungwa?" Katiba akacheka. "Si nakununulia kiroba kizima hapo sokoni!"

"Ya kununua sitaki, nataka yangu. Nataka kuishi, jamani. Kwani ni kosa?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee," akasema Koikai, mfugaji wa Handeni, maarufu kama Mnada. "Siku ukifa nakuletea dume. Lile jeupe."

"Mimi gunia la mchele," akasema Redio.

"Na chama kinatoa turubai, masufuria na fungu la mazishi," Katiba akajigamba. "Utazikwa kama waziri!"

Spana akapiga hesabu kimoyomoyo. Dume, mchele, fungu la chama. Bei ya trekta haikufika, ila dozi za mwanzo zilikuwamo kabisa. Hasira zikampanda.

"Hivi nyie watu gani? Mtu akiugua mnamletea juisi ya boksi, akifa mnamletea ng'ombe! Mimi huo msiba wangu nautaka leo."

"Haiwezekani." Katiba akainua kidole. "Kifungu kinataka kuwe na maiti."

"Maiti si hii hapa, inakunywa kahawa!"

Benchi zima likaangua kicheko, Redio akapaliwa mpaka akapigwa mgongo. Koikai peke yake hakucheka. Aliokota fimbo yake, akasimama.

"Wapi tena, Mnada?"

"Kuuza dume. Nilisema nitalitoa siku ya msiba. Mwenyewe kasema msiba ni leo."

Katiba akafumbua mdomo kutafuta kifungu. Chausiku hakumpa nafasi. Alivua kanga yake ya begani, akaitandika katikati ya benchi, pale pale mbele ya Spana.

"Rambirambi hapa," akasema. "Na msilete zile mia mia zenu za kujificha kwenye kundi. Safari hii marehemu anawaona."