Magreth Si Ng'ombe

Ushirika wa Maziwa,
Akheri, Meru,
Arusha.

Kwa Watengenezaji wa Daftari la Kielektroniki,
Popote Mlipo,
Duniani.

Ndugu Watengenezaji,

YAH: DAFTARI LENU KUVUNJA NDOA YANGU KABLA HAIJAFUNGWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwa aliye mkubwa kuliko mimi kati yenu, shikamoo. Kwa aliye mdogo, marahaba, maana naamini ulikuwa mbioni kunisalimia.

Mimi ni Sifael Nnko, mwimba besi wa kwaya na mhimilishaji wa mifugo hapa Akheri. Kama huko kwenu kazi hii haijulikani, ni hivi: ng'ombe wa mtu akiingia kwenye joto, napigiwa simu. Nafika na pikipiki na mtungi wangu, namwekea ng'ombe mbegu ya dume bora kwa mrija, nanawa mikono, nakunywa chai, naondoka. Dume mwenyewe hata habari hana. Ni kazi safi, ukiacha mkono wa kushoto, na nimeifanya kwa heshima miaka yote bila mume wa mtu kunikimbiza.

Mambo yakaharibika pale ushirika wetu ulipotupa daftari la karatasi na kuleta hili lenu. Aliyelifunga kwenye kompyuta ni mpwa wangu Rodrick, mwenye duka la stesheneri Daraja Mbili. Alitueleza kwamba ni programu huria, hailipiwi, na mtu yeyote anaweza kulifungua tumbo lake na kulibadilisha. Wanachama waliposikia neno bure walipiga makofi mpaka chai ikapoa. Na mimi nilipiga, kwa mikono yangu hii hii. Sasa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu mimi sina utulivu.

1. Rodrick ndiye pia katibu wa kamati yangu ya harusi. Ndiyo, ninaoa. Nimekaa kapera mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kuniombea kwa jina, na hatimaye Mungu amenipa Aikande, mwenye duka la vyombo pale Kikatiti, mwanamke mwenye akili, sauti na msimamo. Sasa, daftari lenu lina mahali pa kuweka anwani za watu watakaopelekewa taarifa kila kitu kinapoandikwa. Zilitakiwa anwani za viongozi wa ushirika. Rodrick, aliyekuwa anafanya kazi zote mbili kwenye kompyuta moja huku anatafuna mahindi, akabandika orodha ya kamati ya harusi. Kamati hiyo ina Mchungaji. Ina mama wa kwaya. Ina Mjomba Aristides wa upande wa bibi harusi, mtu ambaye hata pilau huihoji kabla ya kuila. Nawauliza, programu yenye akili ya kukumbuka kila kitu ilishindwaje kuuliza swali moja tu: jamani, Mchungaji anahusika vipi na joto la ng'ombe?

2. Taarifa zenyewe zinakata maneno. Nikiandika naandika kila kitu, jina la mwenye mfugo, kwamba ni ng'ombe, rangi yake na kila alama. Lakini Rodrick anasema mipangilio mliyoiweka inatuma vipengele vichache tu vya mwanzo na vya mwisho, na neno ng'ombe limekaa katikati. Basi kamati yangu ilisoma haya: "Magreth. Yuko kwenye joto tangu asubuhi. Amehudumiwa na Sifael. Asiposhika mimba arudiwe baada ya siku ishirini na moja." Magreth ni mke wa mweka hazina wa kamati hiyo hiyo! "Tekla. Alisumbua kidogo, ilibidi afungwe kamba." Tekla anaongoza maombi ya Jumatano. "Susana. Hii ni mara ya tatu. Tubadilishe dume." Susana ana vitukuu.

3. Hata hivyo ningeweza kujieleza kwa mmoja mmoja, kama taarifa zingekuja moja moja. Lakini bando la ushirika liliisha Alhamisi, na daftari lenu lenye subira ya mamba likazikusanya zote tumboni likisubiri. Meneja akaweka bando Jumapili asubuhi. Saa hiyo Mchungaji alikuwa madhabahuni anatangaza ndoa yangu kwa mara ya pili, na alikuwa amefika pale anapouliza kama yuko mwenye pingamizi. Simu zikaanza kutetema kanisa zima. Mjomba Aristides akavaa miwani. Mama wa kwaya akashika kifua. Mchungaji mwenyewe akaingiza mkono ndani ya joho, akasoma, akanitazama, akatangaza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba. Besi siku ile niliimba peke yangu, maana wenzangu walikuwa wanasoma.

4. Kuhusu saa. Kompyuta yetu kibetri chake cha ndani kimekufa, na kila ikiwashwa asubuhi inajidai ni usiku wa manane, Januari mosi. Mtu mwenye akili angetazama dirishani, akaona jua limeshapanda. Daftari lenu linaamini! Kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuandika kila asubuhi, kumbukumbu zinaonyesha kwamba wanawake saba wa Akheri niliwahudumia usiku mmoja, ndani ya saa moja, na watatu kati yao ndani ya dakika moja. Usiku huo mimi nilikuwa kwenye mkesha wa mwaka mpya, mstari wa mbele, na waumini walinisikia. Mjomba Aristides amesema ama mimi ni mwongo ama nastahili kombe.

5. Nikaamua kusahihisha. Hapa ndipo nilipojua kwamba hamtupendi. Daftari lenu halifuti kitu. Ukisahihisha, linahifadhi la zamani, linahifadhi na jipya, halafu linawatangazia wote. Mimi kwa nia njema nikaingia kwenye jina la Magreth, nikaandika kwa ufafanuzi. Kamati ikapokea hii: "SAHIHISHO. Magreth. Ilivyokuwa: mteja. Ilivyo sasa: ng'ombe." Ndugu zangu, kabla ya hapo Magreth alikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa bado ananitetea. Sasa mumewe anapita mbele ya nyumba yangu kila jioni, polepole, na fimbo ambayo zamani hakuwa nayo. Natamka rasmi, mbele yenu na mbele ya Mungu, kwamba Magreth si ng'ombe.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila Jumanne na Ijumaa nakwenda Kikatiti kwa Aikande, kwa shughuli ya kikazi kabisa, kukagua ng'ombe wake. Ni wajibu wangu kuziandika ziara hizo, na nimejaribu. Daftari lenu linagoma. Linataka kwanza namba ya hereni ya sikioni, linataka aina ya ng'ombe, linataka rangi, na bila hayo linanionyesha maandishi mekundu kana kwamba mimi ni mwizi. Je, kwenu hakuna kazi isiyo na hereni? Hakuna ushauri? Hakuna kukagua mazingira? Matokeo yake ni kwamba mwanamke pekee wa Meru yote ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu sijawahi kumfikia ni mchumba wangu! Aikande, ambaye naye yumo kwenye orodha ile ya kamati, amesoma taarifa zote. Hajagomba. Nikimwandikia ukurasa mzima, ananijibu "sawa". Mwanamume yeyote aliyewahi kujibiwa "sawa" na mwanamke anayempenda ataelewa kwa nini sili. Nampenda, ndugu zangu. Nilimngoja miaka mingi kabla hata sijajua jina lake. Mjomba Aristides ameitisha kikao Alhamisi hii, hapo hapo dukani kwa Aikande, kuamua kama harusi ipo au haipo.

Nilimuuliza Rodrick mkubwa wenu ni nani nikamwone. Akaniambia hakuna mkubwa. Nikauliza ofisi iko wapi. Hakuna ofisi. Nani basi analaumiwa? Akasema mtu mwenye tatizo analiandika kwenye jukwaa lenu la mtandaoni, na yeyote mwenye nafasi anajibu. Ndugu zangu, hata kikundi chetu cha kuzika kina mwenyekiti, katibu na muhuri! Mtu akizikwa vibaya tunajua tumgombeze nani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza mchague mwenyekiti, ikiwezekana mzee kidogo, mnene, mwenye kuheshimika. Huyo aniandikie barua yenye muhuri isomwe kanisani, ikieleza kwamba wale saba ni ng'ombe na Magreth hayumo. Kwa kuwa barua inaweza isimtoshe Mjomba Aristides, mtume wawili kati yenu waje kama washenga wangu, na debe la pombe ya mbege na mbuzi. Kwa kuwa washenga wenyewe wanaweza wasiaminike, liuzeni daftari hili ghali sana, ili ushirika wetu ushindwe kulinunua na tupate mtu wa kumpigia kelele. Na kama hilo nalo ni gumu, basi futeni madaftari yote ya kielektroniki duniani kabla ya Alhamisi, mchana. Kikao kinaanza saa kumi.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, watoto, na wazee waliobaki nyumbani. Nisalimieni na ng'ombe wenu kama mnao, mmoja mmoja, lakini kwa majina yao wenyewe, si ya wenye nao.

Wenu aliyedhalilika katika ujenzi wa taifa,

Sifael Nnko
Mhimilishaji na Bwana Harusi Mtarajiwa

TANBIHI: Rodrick hakuwa na bando, hivyo barua imechelewa kubandikwa kwenye jukwaa lenu na kikao kimeshapita. Aikande alisimama mbele ya wote akasema tangu taarifa ya kwanza alijua ni ng'ombe, kwa sababu hakuna mwanamke Akheri ambaye Sifael angeweza kumfunga kamba. Kamati ikacheka, Magreth akacheka, hata fimbo ikawekwa chini. Nikadhani yameisha. Ndipo Mjomba Aristides akavua miwani akasema hao saba hawana shida, kila mmoja ana tarehe, sababu na maelezo. Yeye linalomkosesha usingizi ni Jumanne na Ijumaa. Akainuka, akapita katikati ya masufuria, akatoka uani, akatazama nyuma ya ndoo, akarudi, akauliza ng'ombe yuko wapi.

Aikande hana ng'ombe. Hajawahi kuwa na ng'ombe.

Mchungaji alianza kuhesabu mbao za dari. Mjomba akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwa kuwa yangu imefika mpaka Kikatiti mara mbili kwa wiki, harusi haina haja ya kusubiri tena, ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Akaongeza kwenye mahari ng'ombe mmoja wa maziwa, hai, mwenye hereni, afungwe uani kwa Aikande kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo. Kwa hiyo nawaombeni sana, ndugu zangu, msiguse kitu chochote. Ng'ombe nimempeleka leo asubuhi. Nimeandika jina la mteja, namba ya hereni, aina na rangi, na daftari lenu limehifadhi bila ubishi, likaijulisha kamati nzima. Dakika haijaisha, Aikande akanijibu. Safari hii hakusema "sawa". Ameuliza kama Ijumaa nakuja kumkagua.