Safari ya Kikombe cha Akaale Katika Jangwa Lisilokuwepo

Asubuhi ya jambo hilo kuu nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko, nasugua sufuria ya ugali kwa majivu, na kama mtu angeniambia kwamba kabla ya saa sita historia ya Isiolo itageuka mbele ya macho yangu, ningesugua haraka kidogo. Basi sogeeni, nyinyi wa Leparua na nyinyi wa mjini, wachungaji na wenye maduka, wacheni simu zilale kwa mfuko, mnisikilize mimi Akidor wa Kidato cha Tatu, ambaye darasani sijawahi kuinua mkono hata kuomba kwenda choo. Kusema siwezi. Kuandika naweza. Nawaletea habari za Akaale, nyanya yangu, tunayemwita Ata, binti wa Ewesit, mama wa watoto wanane, mshindi wa kesi ya mbuzi mbele ya chifu, mwenye goti moja la kuuma na goti moja la kutabiri mvua. Jinsi alivyobeba kikombe kimoja cha maji hatua thelathini na nne, na majeshi yaliyosimama katikati.

Jeshi lilikuwa limefika siku tatu kabla, kwa magari manne meupe. Lilikuwa jeshi la televisheni, limetoka Nairobi kutengeneza kipindi ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Jangwa Halina Huruma. Humo vijana wa mjini wanaachwa mahali pabaya, na yule atakayechelewa kulia ndiye mshindi. Mkubwa wao alikuwa Gikonyo, bwana mrefu mwenye visikizi shingoni kama mkufu wa ufalme. Alimwomba Ata kiwanja cha nyuma ya boma yetu, na Ata akajibu kwa maneno machache.

"Karibuni. Hapa ni kwenu."

Maneno hayo kwetu si hewa. Ukishamwambia mtu hivyo, njaa yake ni aibu yako na kiu yake ni kesi yako.

Lakini jeshi lilikuwa na shida moja: jangwa halikuwepo. Kulikuwa na bomba ya maji kutoka kisima cha mradi, na tangi nyeusi ya lita elfu tano, na sola, na choo ya mabati, na suruali za mjomba zimeanikwa kwa kamba. Kwa hivyo walianza kulijenga. Suruali zikaanuliwa. Sola ikafunikwa gunia. Tangi ikavishwa matawi ya mgunga kutoka miguu mpaka kichwa, ikawa kichaka cha mviringo kabisa, ambacho mbuzi wetu walikizunguka mara mbili wakakikataa. Bomba ikapewa kofia ya mawe. Mwishowe wakazungusha utepe wa manjano. Upande wa ndani ukawa jangwa, upande wa nje ukabaki kwetu.

Ikawa asubuhi hiyo, jua likiwa limeshapanda na halina huruma kweli, wakamleta mshindani mmoja, msichana anaitwa Wendy, wakamlaza kwa mchanga atambae. Alikuwa amekatazwa kunywa tangu alfajiri ili midomo ipasuke vizuri.

"Nina kiu!" akalia Wendy. "Hakuna hata tone la maji hapa! Watu wa hapa wanaishi aje?"

Ata alikuwa ameketi kwa kiti chake cha plastiki, anachagua maharagwe. Mkono ukasimama hewani.

"Nani huyo anasema kwangu hakuna maji?"

"Ni mchezo, Ata. Ni ya televisheni."

"Aa. Mchezo." Akarudi kwa maharagwe.

Lakini Gikonyo hakuridhika. "Rudia! Hiyo kiu ni ya mtu ametoka hoteli! Nataka nisikie mchanga kwa koo!" Wendy akarudia. Akarudia mara ya pili, ya nne, ya sita, na ile ya saba haikuwa na mchezo tena ndani yake. Ata amelea watoto wanane. Anajua kilio cha kutaka kubebwa na anajua kile kingine. Akaweka ungo chini.

"Akidor. Enda uwaambie hao watu bomba iko wapi."

Nikaenda. Nilitembea kama mjumbe wa mfalme mpaka nikafika kwa utepe. Nilisoma maneno yaliyoandikwa juu yake. Yalisema usivuke, na yalisema hivyo mara nyingi. Wanaume kumi na mmoja waligeuka wakaniangalia. Nikafungua mdomo, upepo ukaingia, nikaufunga. Nikarudi kwa Ata na habari kwamba utepe ni wa manjano.

Hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliniuma.

"Sawa," akasema. "Nipe kikombe. Ile ya kijani."

Kumbukeni sasa jinsi shujaa alivyojivika kwa vita. Alifunga shuka begani mara mbili. Alisukuma bangili zake za shaba juu ya kiwiko, zikateleza zikarudi pale pale. Alitoa ile kofia ya mawe kwa bomba, jiwe baada ya jiwe, bila hasira, kama anayemwamsha mtoto, akakinga kikombe cha bati chenye mdomo uliomeguka, akajaza mpaka maji yakavimba juu ya ukingo, kwa sababu nusu kikombe kwa mgeni ni matusi. Kisha akaanza safari, nami nyuma yake nikihesabu hatua, kazi ambayo haihitaji sauti.

Hatua ya tisa alikutana na nyaya nyeusi za kamera, zimejilaza njiani kama majoka saba yaliyoshiba. Aliinua goti la kuuma, akalivusha. Akainua goti la mvua, akalivusha. Hakuna kilichomwagika. Hatua ya kumi na tano upepo ulimpiga na vumbi usoni, naye akafunika kikombe kwa kiganja, akaacha macho yajitetee yenyewe. Hatua ya ishirini na mbili akafika langoni, na langoni alisimama Doyo.

Doyo ni jirani yetu, Mborana, mtu mzima mwenye ngamia sita, na kwa wiki hiyo alikuwa amepewa koti la kung'aa alinde utepe.

"Ata, tafadhali simama. Nimeambiwa asipite mtu, hata akiwa malaika."

"Doyo. Mwaka jana ulifika kwangu na kiu, unatafuta ngamia. Nilikuuliza kitambulisho?"

"Hukuniuliza."

"Nilikufungia na utepe?"

"Wallahi hukunifungia."

Doyo akaangalia mashariki, akaangalia magharibi, halafu akakumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, ingawa alikuwa amevaa sandali. Alishika utepe asianguke, na alipoinama alisahau kuuachilia. Ukashuka naye mpaka chini. Ata akavuka.

"Simamisha! Simamisha!" Gikonyo alinguruma, maana huko Nairobi nyanya ni shosho. "Nani ameingiza shosho kwa jangwa?"

Watu wote wakaganda. Hata yule wa kushika mwamvuli wa kamera alishika zaidi.

"Habari yako, kijana," akasema Ata, ambaye hajawahi kuanza vita bila salamu.

"Mzuri, shosho, lakini tuko kazini. Hapa hakuna watu."

"Kama hakuna watu, unaongea na nani?"

Gikonyo akavuta pumzi ndefu. "Shosho, skiza. Kwa hadithi yetu, huyu dada ako na siku mbili hajaona maji."

Hapo ndipo nilipoona uso wa Ata ukibadilika. Maana hakusikia hadithi, alisikia mashtaka.

"Siku mbili? Ako kwangu siku mbili bila maji na hakuna mtu ameniambia? Mimi nilisema hapa ni kwenu! Mnataka Kenya yote ione mgeni akitambaa na kiu kwa mlango ya Akaale, na Akaale amekaa anachagua maharagwe? Watoto wangu wataolewa wapi? Nitazikwa na nani?"

"Hakuna mtu atajua ni kwako, shosho."

"Mimi nitajua."

Akapiga zile hatua zilizobaki, akapiga goti la kuuma, akanyoosha kikombe. Wendy alimwangalia Gikonyo. Aliangalia kikombe. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, hakuacha hata tone la kumwagia nzige.

"Asante, shosho," akasema. "Kuna ingine?"

"Iko tangi nzima, mama. Ni hiyo kichaka."

Hivyo ndivyo jangwa lilivyoanguka. Lilijengwa tena baada ya nusu saa, kweli, lakini lilianguka.

Wiki tano zikapita, na Jumapili kipindi kikaonyeshwa. Ata alikuwa amewaalika watu wote, wakajaa kwa duka la Nyaguthii, mama wa kutoka Nyeri mwenye televisheni kubwa juu ya magunia ya mchele. Msimulizi alikuwa wa Kiingereza, sauti nzito kama ya mahubiri ya mazishi. Alisema hapa hakuna binadamu kwa kilomita hamsini. Choo yetu ilionekana kwa mbali, ndogo, kama jiwe la kale. Kisha Wendy akatambaa, na kwa sekunde mbili, nilihesabu, mkono ukaingia kutoka pembeni na kikombe cha kijani, ukatoka. Msimulizi akasema kwamba siku ya tatu Wendy aligundua chemchemi ya siri kwa mwamba.

"Ai!" Nyaguthii akaruka. "Huo mkono si ni wa Akaale? Hicho kikombe mimi ndio nilimuuzia!"

Duka likalipuka. Watu walipiga vigelegele, walipiga magunia, mtoto wa mtu akaangusha unga. Doyo alisimama kwa kreti akatangaza kwamba bila yeye mkono huo ungefika kwa utepe ukafia hapo. Mzee mmoja alisema ameona serikali tano na hajaona kitu kama hicho. Ikakubaliwa kwamba wa kwanza kutoka upande wetu kuonekana Kenya nzima ni mkono wa Akaale, wa kulia, na mpaka leo watu wakikutana naye njiani wanausalimia kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Ata hakupiga kelele. Kiingereza hajui. Aliinama kwa sikio langu.

"Wamesema maji ilitoka kwa nani?"

Nyaguthii alisikia, akaanza kupanga sabuni. Nami, ambaye nilishindwa na utepe, nikasema, "Jina watasema Jumapili ijayo, Ata."

"Vizuri," akasema, akanyoosha shanga zake.

Kwa hivyo leo nimechukua simu ya mama, na nimetuma kwa ile namba iliyoandikwa chini ya kipindi:

"Habari zenu. Mimi ni Akidor wa Isiolo. Maji ya Wendy haikutoka kwa mwamba. Ilitoka kwa bomba, na nyanya yangu alileta mwenyewe akiwa na goti mbaya. Hapo si jangwa, ni kwetu, na mlikuwa wageni. Tafadhali Jumapili semeni jina lake, hata haraka haraka. Anaitwa Akaale."

Alama mbili zilikuja. Zimegeuka buluu, yaani wamesoma. Leo ni Ijumaa.