Betri ya Ndege Niliyoianika Kwenye Mabati

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya wakulima wa miwa wote wa hapa Musanda!

Mjukuu wangu Nekesa amemaliza chuo. Amekuja na ndege ndogo ya betri, haina rubani, inanyunyiza dawa shambani. Leo wazee wa kikundi walikuja kuijaribu kwangu. Wakiridhika, wampe kazi, yake ya kwanza. Wakikataa, arudi kukaa bure.

"Kuka," akaniambia Nekesa (ndiyo babu kwetu), "betri moja ni dakika kumi tu, halafu nabadilisha."

"Dakika kumi! Si uweke kubwa?"

"Kubwa itajibeba yenyewe, dawa ibaki chini. Petroli hupungua ikitumika. Betri ikiisha, uzito ni ule ule."

Hapo alinigusa. Nilikuwa nabebanga betri ya lori kwa baiskeli hadi Mumias kuchajiwa. Kwenda nzito, kurudi nzito. Yote kwa ajili ya redio yangu (ya kwanza hapa, andikeni hiyo). Baadaye nikanunua redio ya mawe madogo, zile betri kavu. Yakichoka, marehemu mke wangu aliyaanika kwenye mabati kando ya mahindi. Jioni redio inaimba! Watu wamejaa mpaka dirishani, yeye anagawa chai. Siku hizo!

Basi Nekesa akiwa jikoni, nikaona betri ya pili imekaa kivulini bure. Nikaianika. (Nilikuwa nasaidia.)

Ya kwanza ilipaa vizuri, wazee wakapiga makofi. Akaweka ile yangu, na glavu zake mkononi, asihisi joto. Ndege ikapanda, ikalia pii pii, ikageuka kurudi ilikotoka. Na nani alikuwa amesimama hapo, kifua mbele? Ikanimwagia maji yote ya majaribio. Suruali ya kaki. Mbele!

"Mzee amejikojolea!" akapaza sauti Makokha, niliyekua naye.

Ningevumilia hilo. Lakini wazee walianza kuchukua kofia zao. "Ndege mbovu hii. Twendeni."

Nekesa akaniangalia. Machozi yalikuwa karibu.

Mimi, darasa la tatu, nyumba ya mawe, trekta mbili, sijawahi kumwambia mtu nimekosa. Leo nikasema: "Ndege ni nzima. Ni mimi nimeanika betri juani, joto ndilo limeirudisha."

Wazee walicheka mpaka Makokha akakaa chini.

Kazi amepata, kwa sharti moja: siku ya kunyunyiza, Kuka asionekane.

Nimekubali. Msicheke. Ni mara ya kwanza kufukuzwa kwenye shamba nililonunua mwenyewe.