Keki ya Kumuaga Asiyeondoka

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kaniita. Kasema kiwanda chetu cha magodoro kinavuja watu kama pakacha, na wote wanavuka barabara kwenda kiwanda jirani. Fundi mitambo naye akivuka, nami nifungashe. Nikamkumbusha kuwa mimi ndiye Afisa Rasilimali Watu. Kajibu kuwa watu wanakwisha, kwa hiyo nimebaki afisa tu.

Enzi za marehemu baba yake hakukuwa na cheo changu. Mzee alisimama getini asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akiuliza huyu mtoto kapona, yule paa limezibwa. Hakuna aliyeacha kazi. Sijui alitumia mbinu gani.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita chumba cha kushonea. Shangazi, mshonaji mkongwe ambaye ni shangazi wa kila mtu humu, alikuwa akiwaambia wenzake kuwa hapa ukitaka kusifiwa, acha kazi. Kweli tupu. Anayeondoka hukatiwa keki, husomewa hotuba. Dereva wa lori alipoagwa alilia, akasema hakujua kama tunalifahamu jina lake.

Wazo likanijia. Tumuage Fundi kabla hajaondoka. Akishasifiwa, ataondoka akatafute nini?

Mhasibu kauliza gharama ya keki aiweke fungu gani. Wivu. Anaitaka ofisi yangu kwa sababu ina dirisha.

Alhamisi, 6 Machi
Keki tayari. Juu imeandikwa "Hatutakusahau". Shangazi kauliza Fundi anakwenda wapi. Nikamwambia haendi popote, ndiyo maana tunamuaga. Kanitazama kama ndoo iliyotoboka. Kasema, mwanangu, Fundi anaomba zamu ya mchana tangu mkewe aanze kuumwa, si umsikilize tu. Nikamweleza kuwa zamu ni mambo ya ratiba. Mimi nashughulika na moyo.

Ijumaa, 7 Machi
Mtambo wa kukata sponji ulizimwa, tukakusanyika. Nilihutubia vizuri mno. Niliwakumbuka Mzee na Fundi siku zile mtambo ukigoma, wamelala chali chini yake wote wawili, wananuka gundi, wanacheka kama watoto waliotoroka shule. Nikasema siku hizo hazirudi. Sauti ilinikatika yenyewe. Hata Mhasibu alifuta miwani.

Fundi akasimama, akashukuru. Akasema angependa kama angeambiwa mapema kuwa amefukuzwa, lakini afadhali imefanywa kwa heshima. Makofi yakalipuka kabla sijafungua mdomo. Akampa kila mtu mkono, akatoka.

Nikamkimbilia hadi getini. Nikamwambia hakufukuzwa, alikuwa anapendwa. Kasema kule jirani walimwuliza zamu ipi inamfaa, na juzi tu aliwakatalia, kwa kumwonea haya marehemu Mzee. Leo alipoiona keki aliingia chooni akawapigia simu. Ameshakubali. Pole sana, ndugu yangu, kaniambia, akanipigapiga begani. Akavuka barabara.

Jumatatu, 10 Machi
Mkurugenzi kanipa hadi mwisho wa mwezi. Mhasibu kaonekana akipima dirisha langu kwa ajili ya pazia.

Mchana kaingia Shangazi, kaketi bila kukaribishwa. Jirani wamemwita naye. Hapendi kwenda, mashine yake, asema, Mzee ndiye aliyemfundisha kuitia mafuta. Ila mgongo unamuua. Zamani alishonea kwenye kiti chenye egemeo. Kilipovunjika akapewa stuli, na hakuna aliyemwuliza kitu. Anaomba kiti, basi. Akipata kiti, haendi popote.

Nilimsikiliza neno kwa neno. Na alivyokuwa akiongea ndivyo kosa langu la Ijumaa lilivyonijia wazi: keki ilikuwa ndogo. Waliokaa nyuma waliambulia makombo. Moyo utajaaje kwa makombo?

Nimemwambia avumilie hadi Ijumaa, kuna jambo zuri linakuja. Keki safari hii ni ya ghorofa mbili. Stoo nimekuta kiti kimoja kizima, kina egemeo, imara kabisa. Nimekitenga. Ndicho kitakachoibeba.