Shule ya Breki

Sabuni aliiona riziki yake ikigombana na fundi mbele ya gereji, saa nne asubuhi, yeye mwenyewe akimenya chungwa kivulini.

Riziki hiyo ilikuwa na sura ya mama mmoja mshonaji, mwenye gari dogo la bluu ambalo breki zake zililia kila akikanyaga. Fundi alikuwa ameshamtajia bei ya kubadilisha pedi za mbele, na mama alikuwa amesharudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo bei ni ya pedi au ya gari zima?"

"Ni pedi na ufundi, mama."

"Ufundi wa saa moja? Mimi kwa hela hiyo nashona suti ya vipande vitatu."

"Basi kabadilishe mwenyewe," fundi alisema, akaingia zake ndani.

Mama akabaki na ufunguo mkononi. Pembeni yake bwana mmoja mwenye tai na kitambi akamsikitikia kwa sauti. "Mimi kulala chini ya gari siwezi, hata uniahidi pepo. Ningelipa, ila hawa jamaa wamezidi."

Chungwa likasimama njiani kuelekea mdomoni. Kumbe duniani kuna watu wanaotaka kufanya wenyewe na hawajui, na kuna watu wanaotaka kufanyiwa na wanaona ghali. Kinachokosekana katikati yao ni mtu mmoja mstaarabu wa kupokea pesa za pande zote mbili. Sabuni akafuta mikono, akamfuata mama kwanza.

Sabuni si mtu mbaya. Nasema hivyo mimi ambaye sijawahi kumwachia pochi yangu. Jina alilipata kwa sababu kila aliyedhani amemshika alijikuta ameshika povu. Aliishi chumba cha nyuma cha duka la vioo la dada yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto, na huyo dada ndiye mtu pekee mjini ambaye Sabuni hakuwahi kumlaghai. Wengine wote, pamoja na wewe, aliwaona kuwa ni mashamba ya kuvuna.

Wiki ile ile akakodi uwanja wenye mageti mawili, kila moja likitazama mtaa wake. Geti la mbele akabandika kibao: GEREJI YA BREKI, NUSU BEI, ACHA GARI UKAPUMZIKE. La nyuma akabandika kingine: SHULE YA BREKI, JIFUNZE KUBADILISHA MWENYEWE, VIFAA NA MAGARI YA MAZOEZI YAPO. Magari yaliingia kwa mbele na wenyewe wakaondoka. Wanafunzi waliingia kwa nyuma na ada mkononi, wakayakuta magari yanawasubiri. Nawaomba wenye akili wasimame kidogo hapa, wamvulie kofia.

Mnauliza Sabuni mwenyewe alijua nini kuhusu breki? Alijua zilipo: chini. Lakini alivaa ovaroli jeupe lisilo na doa, akashika daftari, na Jumamosi ya kwanza akawatazama wanafunzi wake watatu kwa huzuni ya mtu aliyesoma sana.

"Mwalimu mzuri hatoi majibu," aliwaambia. "Huuliza. Nani ataniambia tunaanza na nini?"

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mwanafunzi wa pili, akanyoosha mkono. Alikuwa amekesha na kitabu. "Tunalegeza nati za gurudumu kabla ya kupiga jeki."

"Na kwa nini?"

"Kwa sababu likishaning'inia litazunguka tu."

"Safi sana," alisema Sabuni, akaandika, kwa kuwa alikuwa hajui.

Ikaenda hivyo. Mwalimu alisoma, mama mshonaji akafanya kwa vidole vyake vilivyozoea sindano, na wa tatu, kinyozi wa mtaa wa pili, akashika taa na kutoa maoni. Walifungua magurudumu, wakainyanyua kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, na kuifunga kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, wakazitoa pedi zilizolika hadi chuma, wakairudisha ndani taratibu kwa klampu pistoni inayozisukuma pedi, wakafunga mpya. Sabuni alizunguka na daftari akisema "Na sasa?" Kufikia Jumamosi ya sita walikuwa wanamaliza magari manne kabla ya jua kukaa utosini, na mkoba wa kiunoni wa Sabuni ulikuwa umenona kiasi cha kumfanya atembee upande.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa chai, dada yake akamwekea kikombe mbele na ufunguo wa pikapu kando yake.

"Breki zinapiga kelele," alisema. "Na leo kabla ya saa sita nina vioo vya wodi ya wazazi, kule chini ya mteremko. Nimesikia una gereji, mdogo wangu. Watu wananisimulia hadi naona haya kwa furaha. Nimekuwa nikijiuliza huyu mtoto atakuja kuwa nani."

Sabuni alijiandaa kusema kuwa leo si Jumamosi. Akamwangalia usoni, akaghairi. Alikuwa hajawahi kuiona ile furaha, na ilikuwa kwa ajili yake. "Nipe saa mbili," alisema.

Akaenda kununua pedi, nzuri, tena bila kuomba kupunguziwa. Akapiga jeki uani, akaweka stendi, akalala chini na ovaroli lake jeupe. Magari ishirini na mawili alikuwa ameyatazama, na sauti ya mwalimu mstaafu ilikuwa kichwani mwake kama redio. Nati ya kwanza ikamchukua muda, ya tano ikafunguka upesi. Pistoni ilipoingia polepole mbele ya klampu, alijikuta anatabasamu peke yake. Haki ya Mungu, alifurahi. Alipotoka chini ya gari alikuwa mweusi hadi masikioni.

Dada yake akapakia vioo vimesimama kwenye fremu yake, akakaa kiti cha abiria. "Endesha wewe fundi," alisema.

Kuna jambo moja ambalo Sabuni hakuwahi kuliona. Kila gari lilipokaribia kumalizika, yeye alikuwa ameshakimbilia geti la mbele kumpokea mwenye gari kwa heshima zote, na mkono ulionyooshwa. Kilichofanyika uwanjani dakika hizo za mwisho hakukijua kabisa.

Akawasha, akatoka uani, pikapu ikaanza kushuka taratibu kuelekea barabarani. Akakanyaga breki. Pedali ikaenda chini hadi ikagusa sakafu, laini, bila ubishi. Gari likaendelea na safari. Sabuni akaitazama pedali kwa mshangao wa mtu aliyetapeliwa, jambo ambalo hakulizoea, na ni dada yake aliyenyoosha mkono akavuta breki ya mkono. Pikapu ikatikisika na kusimama pua ikiwa barabarani. Nyuma vioo vikalia mlio mmoja mrefu, vikanyamaza. Hakikuvunjika hata kimoja.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umewahi kuifanya hii kazi?" aliuliza.

Sabuni akafungua mdomo. Huyu ni mtu aliyewahi kumuuzia polisi baiskeli ya polisi. Akautafuta uongo, ule wa kawaida tu, asiupate. "Sijawahi, dada," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa natazama wenzangu."

"Na mimi ningeshuka nayo ule mteremko."

"Ndiyo."

Sabuni aliufikiria ule mteremko na dada yake juu yake. Kisha akashuka na kukimbia. Alikimbia na ovaroli lake chafu mitaa miwili hadi kwa mama mshonaji, akawakuta wote watatu pale, mama, mwalimu na kinyozi, wanakunywa chai juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Njooni," alisema, akihema. "Ni dada yangu. Pedali inazama."

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu akatua kikombe. "Jumapili ya pili baada ya kuanza masomo," alisema, "shemeji yangu alikuja kula kwangu. Ana tai, ana kitambi. Akanisifia gereji aliyoigundua, nusu bei, mafundi wenye mikono ya dhahabu. Nikatoka nje kuliangalia gari lake. Mikono ya dhahabu ilikuwa ni yangu, na nilikuwa nimeilipia."

"Mnajua tangu wiki ya pili?" Sabuni akashangaa. "Na mkanyamaza?"

"Tungekushitaki mapema, magari ya kujifunzia tungeyatoa wapi?" alisema mama mshonaji, akikata uzi kwa meno. "Tulikuwa bado hatujaiva. Sasa tumeiva. Uwanja tumeshauzungumza na mwenyewe, kuanzia kesho ni wetu. Na wateja wako wote wana namba yangu, niliwawekea kwenye kiti kimoja kimoja."

"Sawa, chukueni. Lakini njooni."

"Ada zetu," alisema kinyozi, "na za wale wateja pia, kwa kuwa kazi tulifanya sisi."

Kwa desturi yake Sabuni angebishana hadi jioni, na angeshinda. Safari hii akafungua mkoba wa kiunoni na kuutua wote juu ya meza, kati ya vikombe na mkasi, bila hata kuuchungulia. Mama mshonaji akamtazama kidogo. Kisha akavaa viatu.

Walimkuta dada amesimama kando ya pikapu, mikono kifuani. Mama akamsalimia kwa adabu, akaamuru gari lipigwe jeki upya, akavua magurudumu, akachungulia kila upande kwa taa. Alichukua muda wake. Akavuta hiki, akatikisa kile, akapima mafuta ya breki, akarudisha kila kitu mahali pake. Halafu akaingia ndani na kuikanyaga pedali mara moja, mara mbili, hadi mara tano, akatoka.

"Tayari."

"Umefanya nini?" Sabuni aliuliza.

"Pistoni ulizirudisha nyuma, sharti uikanyage pedali mara kadhaa zije mbele zikutane na pedi kabla gari halijaondoka. Ulisahau hilo tu. Mengine umefunga vizuri sana, hata mimi gari langu la kwanza sikulifunga hivyo."

Sabuni akakaa juu ya tofali. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya halali maishani mwake, na ndiyo iliyomfilisi.

"Panda," dada yake alisema, safari hii akishika usukani mwenyewe. "Saa sita inafika."

Waliuteremka mteremko polepole, vioo vikiwa wima nyuma yao. Njia nzima mguu wa Sabuni ulikanyaga sakafu, upande ambao hauna pedali. Chini kabisa, mbele ya geti la wodi ya wazazi, dada akagusa breki na pikapu ikatulia tuli.

"Zinashika," alisema.

"Nilizifunga mimi, dada."

"Najua," alisema dada yake, akifungua mlango. "Ndiyo maana nimekuwa nikisali tangu kule juu."