Kamati ya Kumtafuta Mchapishaji wa Kuaminika

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Kurugenzi ya Mitaro na Maji Yaliyosimama ndiyo ya kwanza kumpata mchapishaji wa kuaminika kwa njia ya kamati. Wengine huandika kitabu, wakaulizana barabarani nani anachapisha vizuri, basi. Sisi tulikaa vikao kumi na vinne, mwaka wa 2006, na mimi nilikuwa mjumbe. Naeleza hatua zote hapa ili kurugenzi nyingine zisihangaike.

Kitabu chenyewe kilikuwa changu. Hilo nalisema mapema lisije likaleta fujo. Naitwa Muli, nyapara wa mitaro. Kwa miaka ishirini na minne nimezibua mashimo ya jiji kuanzia katikati ya mji hadi Karen kwa matajiri, na muda wote huo nilikuwa nikiandika kwenye madaftari: mtaro gani huziba mwezi gani, nani amejenga duka juu yake, mtu ashike wapi ili maji yaende. Madaftari yalipofika tisa, Peres, mpiga chapa wa ofisi yetu, aliyageuza kuwa kurasa mia moja na themanini, akitumia saa zake za chakula.

"Muli, hii ni kitabu," aliniambia. "Tafuta mtu akuchapishie kabla ufe nayo kwa kichwa."

Mke wangu Syokimau alisikia hayo, na Jumapili iliyofuata akawatangazia watu wa kanisa letu Kinoo kwamba mumewe anatoa kitabu. Wakapiga makofi. Mchungaji akaomba nakala. Kwa hiyo tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani: jina langu lionekane kwenye kitabu hicho, hata kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Lakini mtumishi wa umma hachapishi hivi hivi. Anaomba ruhusa, na barua ya mtu wa daraja langu haiendi juu moja kwa moja. Inapita kwa mkubwa wake. Nikaandika kama inavyotakiwa, KUPITIA KWA: Bwana Jamleck Kiragu, Mkurugenzi, nikaambatisha mswada. Wiki tatu baadaye mswada ulitoka ofisini kwake. Jina langu kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa limepakwa wino mweupe wa kufutia, na juu yake pamepigwa chapa: Jamleck Kiragu.

Kuna watu watakaouita huo wizi. Hao hawajui utumishi. Barua naandika mimi, anatia sahihi yeye. Ripoti naandika mimi, anapongezwa yeye. Na kitabu ni nini kama si ripoti ndefu?

Hata hivyo aliniita anieleze, na huo ni ungwana.

"Muli, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita, mkubwa."

"Sasa mtu akiona darasa la sita kwa jalada, atanunua?"

"Sijui, mkubwa."

"Hatanunua. Mimi niko na digrii mbili. Nimekuokolea kitabu."

"Asante, mkubwa. Umeisoma?"

"Nimeipitia," alisema, akafunga faili. "Na nimekuweka kwa kamati."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Mwaka huo kila mkurugenzi alikuwa ametia sahihi kandarasi ya utendakazi, na mojawapo ya malengo ya Bwana Kiragu lilikuwa "kuzalisha maarifa". Ilikuwa Agosti, naye alikuwa hajazalisha lolote.

Kamati ikaundwa. Mwandishi mpya wa kitabu alijiteua mwenyekiti, ili kuepuka upendeleo. Peres akawa katibu. Mimi nikawa wananchi.

Kikao cha kwanza kiliondoa wachapishaji wakubwa, kwa kuwa hao hukaa na mswada miaka miwili na mwaka wa serikali haungoji. Kikao cha pili kiliondoa wenye mashine za kadi za harusi kule River Road, kwa kuwa hawana zulia. Wakabaki wachapishaji wa ubia. Mchapishaji wa ubia ni kama kulima shamba la watu kule Kinoo: mwenye shamba anatoa shamba, wewe unatoa mbegu, mavuno mnagawana. Mwandishi anachangia gharama, mchapishaji anachangia gharama na ujuzi. Shida ni moja tu. Kuna wenye shamba, na kuna wanaokula mbegu. Kamati ilipewa kazi ya kuwatofautisha.

Tulianza na Bi Manjula, ofisi yake juu ya duka la vitambaa, Biashara Street. Ngazi nyembamba, viti vitatu, vitabu mpaka kwenye dirisha. Alitumiminia chai mwenyewe, jambo ambalo mwenyekiti aliliona: hana msaidizi.

"Hii mswada mlinitumia nimesoma yote," alisema. "Mara mbili."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Nani alikuambia usome?"

"Bwana Kiragu, mimi naweka pesa yangu hapo pamoja na yako. Si lazima nijue naweka kwa nini? Watu kumi wakileta kitabu, saba nawarudishia."

"Unarudisha wateja?"

"Narudisha vitabu. Watu wanakunywa chai kwanza."

Peres alitakiwa kuandika: Anafukuza wateja. Akaandika.

Bi Manjula akatupa majina ya waandishi sita na nambari zao za simu. "Wapigieni hawa. Waulizeni kama nawalipa, kama nachelewesha, kama naongea vibaya." Mwenyekiti alieleza kwamba kurugenzi haiwezi kupigia simu watu ambao haijawahi kutambulishwa kwao. Bi Manjula akatuonyesha kutoka dirishani duka la vitabu ng'ambo ya barabara, ambako vitabu vyake viwili vilikuwa vimepangwa mbele kabisa. Mwenyekiti alivitazama kwa masikitiko. Kama ni vizuri, alisema, mbona bado viko pale?

Mkataba wake ulikuwa kurasa mbili. Nakala ngapi, nani analipa nini, na kwamba kitabu kinabaki mali ya aliyekiandika. Niliusoma nikamaliza kabla chai haijapoa.

"Umeelewa?" mwenyekiti aliniuliza kando.

"Yote, mkubwa."

"Ona sasa. Mkataba ambao mpaka Muli anaelewa lazima uko na kasoro."

Bi Manjula alikuwa na swali. "Hapa mwanzo mwandishi anasema kwamba yeye..."

"Maswali yote yaletwe kwa maandishi," mwenyekiti alisema, akasimama.

Wakati wa kuagana Bi Manjula alinishika mkono, akautazama. Mkono wa mtu wa mitaro hausafishiki. Simiti huingia kwenye mistari ikakaa. "Bwana Muli," alisema polepole, "siku ukiwa na kitabu yako, niletee."

Nikamwambia sina.

Barabarani Peres alinivuta shati. "Wewe! Kitabu ni yako, na umeketi hapo kama gunia ya simiti! Syokimau utamwambia nini?"

"Nitamwambia kamati inaendelea."

"Mwambie pia umerogwa."

Mchapishaji wa pili alikuwa Daktari Mwaura, wa Karen. Daktari wa nini, kamati haikuona adabu kuuliza. Huyu alikuwa ameshakubali kitabu kwa simu, siku mbili kabla hatujampelekea. Ofisi yake ilikuwa nyumba nzima yenye bustani, na zulia ambamo viatu vyangu vilizama nikavitafuta. Binti wa mapokezi alitungojesha dakika arobaini, na mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Pale palikuwa mahali pa watu wakubwa.

"Kitabu ya ajabu hii," Daktari Mwaura alisema, akipapasa bahasha ambayo gundi yake ilikuwa bado imeshika. "Itatikisa Afrika."

"Umesoma, Daktari?" Peres aliuliza.

"Madam, kusoma ni kumkosea mwandishi. Mtu mzima ameketi chini ameandika. Wewe ni nani umkague?"

Niliona macho ya mwenyekiti yakilengwa na machozi.

"Na kitauzwa wapi?" Peres hakukoma.

"Ghala yetu. Iko Athi River."

"Watu huenda huko?"

"Wakitaka kitabu, wataenda."

Mkataba wake ulikuwa kurasa thelathini na moja. Hatukuelewa hata moja, ndipo tukajua kwamba ulikuwa wa kisheria. Kisha akafungua kabati, akatoa ngao tatu za shaba: Mwandishi Bora wa Mwaka, Mwandishi Bora wa Kanda, Mwandishi Bora wa Kizazi. Mwenyekiti achague. Mwenyekiti aliona Kizazi inamtosha.

Kikao cha kumi na nne kilikuwa cha uamuzi. Peres alijaribu tena, lazima nimpe haki yake. Alisema, "Mkubwa, kabla tupige kura, kuna kitu ukurasa wa kwanza inasema..."

"Peres. Tunachagua mchapishaji. Kusoma kitabu hakumo katika hadidu za rejea."

Mtaro ukiziba, fundi habishani nao. Anangoja maji yaseme. Niliuliza tu, kwa heshima, kama jina langu lingeweza kuwekwa kwenye shukrani, huko nyuma.

"Tulikufikiria sana, Muli. Lakini Daktari anasema majina mengi yanachosha msomaji."

Tukapiga kura. Daktari Mwaura akapita, kura moja kwa hakuna, wajumbe wawili wakiwa wametumwa kuleta soda.

Uzinduzi ulifanyika Novemba, katika ukumbi mmoja karibu na Adams Arcade. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kitabu kilikuwa kizuri kwa nje: Bwana Kiragu jaladani, amevaa kofia mpya ya ujenzi, ameshika sururu kwa namna ambayo mtu hushika mtoto wa jirani. Mgeni wa heshima alikuwa Katibu Mkuu wa wizara. Waandishi wa habari walikuwepo, kwa kuwa kulikuwa na sambusa.

Katibu Mkuu alikuwa mtu wa tabia mbaya moja. Alipenda kufungua vitabu.

"Hebu nisome mwanzo," alisema kwenye kipaza sauti. "'Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo chuo changu kimekuwa shimo, na mwalimu wangu maji machafu.'" Akageuka. "Kiragu! Mimi nilidhani uko na digrii mbili."

Bwana Kiragu aliinuka nusu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza. "Nilizipata... baadaye, Bwana Katibu."

"Ajabu! Jasiri sana kusema." Makofi. Akafungua mbele. "'Mkurugenzi wetu hajawahi kuteremka shimoni hata siku moja. Akiona maji barabarani, hupandisha kioo cha gari.'" Katibu Mkuu alikunja uso. "Mkurugenzi si ni wewe?"

"Hapo najikosoa, Bwana Katibu."

"Viongozi wangapi wanaweza!" Makofi tena. Nilipiga pia; nilikuwa mtumishi wake.

Wakati huo maji yalianza kuingia chini ya mlango. Kwanza kwa wembamba wa utepe, halafu viatu vya waandishi wa habari vikaanza kuinuliwa. Dereva akaja mbio: gari la Katibu Mkuu lilikuwa limezungukwa hadi milangoni.

Katibu Mkuu hakushtuka. Alilamba kidole, akapekua. "Hii hapa, arobaini na saba! 'Maji ya Adams hayataki pampu wala tenda. Mtu mmoja anayejua pa kushika huyamaliza kwa dakika nne.'" Akafunga kitabu. "Dakika nne, Kiragu. Twende."

Ukumbi mzima uligeuka. Bwana Kiragu alikuwa na njia mbili. Aseme hajui, mbele ya kamera, na lengo la kuzalisha maarifa lianguke, na yeye aanguke nalo. Au aende. Alimtafuta Daktari Mwaura kwa macho, lakini Daktari alikuwa amekumbuka shughuli Karen, na ngao ya Kizazi pia haikuwepo tena mezani.

Tukaenda. Niliinua kifuniko kwa mtaimbo, nikamfunga kamba kiunoni, fundo zuri, kwa maana mkubwa ni mkubwa. Peres alimshikia koti. Bwana Kiragu aliteremka hatua kwa hatua, maji yakamfika magotini, halafu kiunoni. Katibu Mkuu alisimama na mwavuli, akitazama saa.

"Muli," sauti ilitoka chini, ndogo kabisa. "Nishike wapi?"

"Iko kwa kitabu, mkubwa."

"Kitabu inasema aje?"

"Ukurasa wa arobaini na nane."

"Nisomee basi!"

"Siwezi kumsomea mwandishi, mkubwa. Watu wanatuangalia."

"Dakika ya sita, Kiragu!" Katibu Mkuu alipaza sauti.

Halafu kelele. "Kuna kitu imenigusa mguu! Muli! Iko na mkia!"

"Hiyo ni kawaida. Iko sura ya tano."

"Kitabu ni yako!" Sauti sasa ilikuwa kubwa, na shimo ni kama kengele. "Haki ya Mungu, ni yako yote! Sijasoma hata ukurasa moja! Niliweka tu jina! Nivute!"

Mimi nilisikia vizuri. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na waandishi wa habari walikuwa wamesimama mbali, chini ya paa la kioski. Kwa hiyo nilikaza kamba, nikainama juu ya shimo, na kumwomba Bwana Mkurugenzi arudie tena, polepole, akilitaja jina langu lote.